Kiangazi changu cha shanga, sindano na kamera: kilichonikubali na kilichonishinda

MtungaShanga (mleta uzi)

Wakuu, salama? Huu uzi niliuahidi tangu jua linaanza kuchoma, na kila nikikaa kuandika mikono inanikimbilia kwenye sindano. Leo nimezifungia kabatini. Karibuni.

Mpango ulikuwa miezi mitatu, kazi tatu. Alfajiri nitoke na kamera, mchana jua likiwa kali nikae ndani na shanga, jioni nifume. Kwenye daftari ulionekana mpango wa mtu mwenye akili zake: vidani 12, sweta moja ya pamba, na picha za kujaza ukuta. Niwaambie mapema msikae na presha. Vidani vimetoka saba, sweta ina mkono mmoja, ukuta bado mweupe.

Ila kuna kitu nilikiokota njiani, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Kidani cha kwanza nilikitunga siku tatu. Shanga ndogo za kioo, zile za saizi 11 ambazo kipenyo chake ni kama milimita 2, kwa hiyo mnaelewa macho yaliteseka kiasi gani. Rangi tatu: nyekundu ya matofali, kijani cha jani lililokomaa, na buluu ya kati. Zikiwa kwenye visahani, kila rangi inaita. Nikamaliza, nikakivaa, nikasogea hatua nne nyuma kutoka kwenye kioo. Tope. Mchoro niliouhesabu shanga kwa shanga haukuonekana kabisa, shingoni palikuwa na kitu cha rangi ya udongo tu.

Nikadhani tatizo ni mwanga. Nikachukua kamera nikipige picha, na kwa bahati asubuhi ile nilikuwa nimeiacha kwenye nyeusi na nyeupe. Picha ilipotokea nikacheka peke yangu: shanga zote, nyekundu, kijani na buluu, zilikuwa kijivu kimoja. Huwezi kujua wapi rangi hii inaishia na ile inaanzia.

Yaani nilichagua rangi tatu tofauti kwa jina, lakini kwa weupe na weusi zilikuwa sawasawa. Ukiwa karibu, jicho linaona nyekundu na kijani. Ukisogea, kinachobaki kulisaidia jicho kutenganisha vitu vidogo namna ile ni kipi cheupe na kipi cheusi. Nikakata uzi, nikarudia. Nyekundu niliiacha ilivyokuwa. Kijani nikaweka kile kilichokolea hadi kinakaribia weusi, buluu nikachukua iliyopauka. Mchoro uleule, hesabu ileile, na sasa ukiwa upande wa pili wa chumba unausoma.

Tangu siku hiyo situngi wala sifumi rangi mbili kabla ya kuzipiga picha ya nyeusi na nyeupe. Kwa nyuzi, nazisokota pamoja ncha mbili, napiga picha. Zikitoka kijivu kimoja, nazirudisha kapuni hata kama nimezipenda vipi.

SindanoButu

Nimevuta kigoda, dada. Ila hiyo sweta yenye mkono mmoja usituruke nayo. Ndiyo tunayoitaka.

MtungaShanga

Nilijua tu kuna mtu ataikamata.

Maelezo ya sweta yalitaka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Nikafuma kitambaa cha majaribio, nikapima, 22 kamili. Nikafurahi, nikaanzisha vitanzi 220 kwa ajili ya kifua cha sentimita 100. Nikafuma kiwiliwili chote na mkono mmoja, nikaosha ili nione kinavyokaa. Ule uzi wa pamba ulilegea baada ya maji, na kila sentimita 10 sasa ina vitanzi 20. Piga hesabu: 220 kwa kiwango hicho ni sentimita 110. Vitanzi viwili tu, na nimepata sweta ya mtu mwingine.

Kitambaa cha majaribio nilikifuma, ndiyo. Sikukiosha. Nilisoma mahali zaidi ya kumi kwamba kinaoshwa, nikajiambia "hii ni pamba, si sufu, itabadilika nini?"

Kitanzi

Pole sana mama. Pamba ndiyo inayotakiwa kuoshwa kuliko hata sufu, maana haina mnyumbuko. Sufu ukiivuta inarudi yenyewe, nyuzi zake zimejikunja kama springi. Pamba ikishavutwa imevutwa. Halafu ni nzito, sweta ya pamba inajivuta yenyewe kwenda chini kwa uzito wake, ndiyo maana mtu anafuma ya kufika kiunoni baada ya wiki mbili inafika mapajani.

Mimi kitambaa changu nakifuma kikubwa, sentimita 15 kila upande na si 10, kwa sababu vitanzi vya pembeni hudanganya. Naosha kama nitakavyoiosha sweta yenyewe. Kikikauka nakitundika, chini nakiwekea vibanio vya nguo vinne vitano, kinalala hivyo usiku kucha. Asubuhi ndiyo napima. Kikirefuka usiku mmoja, jua sweta itarefuka zaidi.

Swali: kiwiliwili umefuma vipande ukaunganisha, au mzunguko?

MtungaShanga

Mzunguko, kwa zile sindano mbili zilizounganishwa kwa waya, hakuna mshono. Mshono wowote ungesaidia kuishikilia, najua sasa hivi, asante.

Na kuna aibu nyingine bado. Bonge la tatu la uzi lilikuwa la mchovyo tofauti, yaani lilitiwa rangi mkupuo mwingine. Namba ya rangi kwenye karatasi ni ileile, ya mchovyo haifanani, sikuangalia. Kwa macho sikuona kitu. Nimepiga picha nje chini ya mawingu, mstari umejichora kifuani kama nimechovya nusu kwenye chai.

Kitanzi

Hiyo dawa yake ndogo. Ukiwa na mabonge ya michovyo miwili, fuma mistari miwili ya hili, miwili ya lile, uende ukibadilishana. Tofauti inapotea. Lakini inabidi uanze hivyo toka mwanzo, kwa hiyo... fumua.

SindanoButu

"Fumua" ndiyo neno ninalolichukia kuliko yote kwenye hii kazi 😂

JichoLaTatu

Uzi mtamu. Niongezee kwenye lile la nyeusi na nyeupe, kwa sababu mtu akilichukua kama sheria linaweza kumpoteza.

Kijivu unachokipata kinategemea nani amekigeuza. Kamera au programu inaamua nyekundu iwe kijivu kipi na kijani kiwe kijivu kipi, na zinatofautiana. Wanaojua filamu za zamani wanakumbuka kulikuwa na filamu isiyoiona nyekundu kabisa. Midomo iliyopakwa rangi ilitoka myeusi kama mkaa. Simu nyingi zina vichujio kadhaa vya nyeusi na nyeupe, jaribu viwili vitatu uone shanga zilezile zinavyohama. Kwa hiyo chagua kimoja, ukizoee, usibadilishe.

Na ukiwa huna kamera mkononi, finya macho mpaka yakaribie kufumba. Rangi zinafifia, kinachobaki ni cheupe na cheusi. Wachora picha wamefanya hivyo tangu zamani na hakuna betri ya kuchaji.

MtungaShanga

Mkuu hapo kwenye kufinya macho umenimaliza. Nimejaribu sasa hivi kwenye visahani vyangu vyote. Nina shanga za rangi kumi na nne, na kwa weupe na weusi ni kama aina nne. Nimekuwa nikinunua kitu kimoja kwa majina tofauti miaka yote hii.

MgeniWaKoleo

Habari zenu, mimi ni mgeni kwenye vipuli, nimeanza kiangazi hiki hiki. Nina maswali mawili msinicheke. La kwanza, vile vipete vidogo vya kuunganishia vinafunguka vyenyewe, nimeshapoteza kipuli kimoja njiani. La pili, nikivaa nilivyotengeneza masikio yanawasha na kutoa maji, lakini za dukani za fedha haziniwashi. Nakosea wapi?

MtungaShanga

Karibu sana, hapa hatuchekani, tunacheka sweta yangu tu.

Kipete: nina hakika unakifungua kwa kukitanua, ncha moja kushoto nyingine kulia. Ukifanya hivyo umbo la duara limeshaharibika na halirudi. Shika koleo mbili, moja kila upande wa mwanya, halafu ncha moja isukume mbele na nyingine ivute nyuma, kama unafungua mlango. Kufunga ni hivyohivyo kinyume chake, ila pitisha kidogo mwisho wake, rudi, pitisha tena, mpaka usikie ncha zinakwaruzana. Ule mkwaruzo ndio unaokuambia zimegusana. Kama kipete ni chembamba sana kwa uzito wa kitu kinachoning'inia, hata ukifunga vipi kitafunguka. Ongeza unene wa waya.

Masikio: hiyo inanukia nikeli. Vifaa vingi vya bei rahisi vina nikeli ndani au chini ya rangi ya juu, na ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 1994 za kuwekea kikomo nikeli inayotoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi, kwa jinsi tatizo lilivyo kubwa. Tafuta ndoano za titani au niobi, au fedha ya 925 ambayo sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha na zilizobaki mara nyingi ni shaba. Watu hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya ndoano; inasaidia siku mbili tatu halafu inabanduka. Na kama bado yanatoa maji, pumzisha masikio kwanza, na yakiendelea muone daktari.

Ukitaka kutengeneza ndoano mwenyewe, waya wa milimita 0.8 unatosha. Ukishaukunja, ugongegonge kwa nyundo taratibu juu ya chuma bapa. Waya ukigongwa unakuwa mgumu, ndoano haitanuki tena. Ila usiukunje na kuukunjua mahali pamoja mara nyingi, ugumu huohuo ukizidi unakatika. Mwisho wa ncha usugue na tupa mpaka uwe laini. Hii ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayochana tundu la sikio.

MgeniWaKoleo

Kama kufungua mlango! Nilikuwa natanua, kweli kabisa. Asante dada.

MtungaShanga

Na kwa kuwa tumetaja fedha, niwape hasara yangu ya mwezi wa pili. Mkufu wa fedha niliousuka mwenyewe niliuweka kwenye mfuko wa nyuzi za sufu, nikijiambia hapo ni laini, hautakwaruzika. Wiki tatu baadaye nautoa, una madoa meusi kama umepita motoni.

Nikaanza kuulaumu unyevu. Kumbe fedha inasawijika kwa salfa, na sufu, kama nywele zetu, ina salfa ndani yake kwa asili. Nilikuwa nimeulaza mkufu ndani ya kitu chenyewe kinachouharibu. Raba nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo wale wanaofunga mikufu kwa raba waache. Sasa naweka kila kipande kwenye kifuko chake cha plastiki cha kubana, hewa nimeitoa.

Kazi zangu mbili zilikuwa zinagombana kwenye mfuko mmoja na mimi sijui.

SindanoButu

Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Mimi kwa mtazamo wangu tatizo lako ni kazi tatu kwa pamoja. Ungeshika moja ungekuwa na sweta ya mikono miwili. Watu tunajifanya tuna vipaji vingi kumbe tunakimbia sehemu ngumu. Kufuma kukichosha, hamia shanga. Shanga zikichosha, beba kamera. Nisamehe lakini nimejiona na mimi humo.

MtungaShanga

Sina ubishi wa maana, ndugu. Kuna jioni nilichukua shanga kwa sababu tu sikutaka kuhesabu vitanzi vya kwapa. Hiyo nakubali.

Lakini nina utetezi mmoja, wa viungo. Mwaka juzi nilifuma mfululizo, kifundo cha mkono kikavimba, nikakaa wiki sita bila kushika sindano. Mwaka huu sijaumwa hata siku moja. Koleo linabana kwa kiganja, kufuma kunazungusha kifundo, kamera inataka miguu. Kabla kiungo kimoja hakijalalamika nimeshahama. Na lile la rangi lisingenijia kamwe kama kamera na shanga zisingelala meza moja.

JichoLaTatu

Sasa tuambie matembezi ya kamera. Hujayagusa.

MtungaShanga

Nimeyaacha mwisho kwa sababu ndiyo niliyoyapenda zaidi na ndiyo yenye picha mbaya zaidi.

Tulikuwa wanne. Mmoja wetu alileta sharti: kila safari picha 36 tu, kama mkanda mmoja wa filamu ya milimita 35. Kamera ya dijitali, lakini ukifika 36 unazima, na hakuna kufuta. Siku ya kwanza nilimaliza zangu kabla jua halijapanda vizuri, nikabaki nimebeba mifuko ya wenzangu. Safari ya nne nilirudi nikiwa nimepiga 22.

Tulikuwa tunatoka jua likiwa chini, si kwa ajili ya ule wekundu wa kuvutia, japo upo. Jua la chini linapiga vitu kwa ubavu. Gome la mti, kutu, ukuta uliobanduka rangi, vyote vinaota vivuli vidogo na unaona mikunjo yake. Saa sita mchana gome lilelile ni bapa kama karatasi. Niliporudi nyumbani nikaweka kitambaa nilichofuma karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, na kwa mara ya kwanza vitanzi vyangu vilionekana kwenye picha. Miaka yote nilikuwa napiga kwa taa ya juu na kushangaa kwa nini michoro ya kusuka haitoki.

Picha moja nitaitaja. Geti la chuma lililopakwa buluu zamani, kutu imelila kutoka chini, na kati ya buluu na kutu kuna ukanda mwembamba wa rangi ya kwanza, karibu nyeupe. Nililisimamia dakika ishirini. Kidani cha nne ni geti hilo: buluu iliyofifia, kahawia ya kutu, na katikati mstari wa shanga nyeupe zilizochakaa. Sikuchagua rangi hata moja. Nilinakili tu.

MgeniWaKoleo

Tupia picha basi! Na ukipiga picha za vipuli unafanyaje? Zangu zinatoka na ukungu nusu, na kwenye chuma najiona mwenyewe na simu yangu.

JichoLaTatu

Nimjibie. Ukungu nusu ni kwa sababu umesogea mno. Kadiri lenzi inavyokaribia kitu, sehemu inayoonekana kali inakuwa nyembamba, inafika milimita chache. Rudi nyuma, vuta kwa zumu mara mbili, kisha kata picha baadaye. Kwa kamera yenyewe funga tundu la lenzi liwe dogo, hadi f/11, weka kwenye miguu mitatu, tumia kuchelewesha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise.

Kujiona kwenye chuma: chuma kinachong'aa ni kioo, hakina rangi yake, kina rangi ya kilichokizunguka. Kwa hiyo usikitafutie mwanga, kitafutie mazingira. Zungushia karatasi nyeupe pande zote kama hema, toboa tundu la lenzi. Kitang'aa cheupe safi. Kichujio cha kuondoa mng'ao kinachosaidia kwenye maji na kioo, kwenye chuma tupu hakikusaidii, usipoteze hela.

Halafu kwa wafumaji, kabla jua halijaisha: jaribuni picha za buluu za jua. Unapaka karatasi mchanganyiko wa chumvi za chuma gizani, inakauka, unalaza juu yake kitambaa cha matundu matundu, unakitoa juani. Kwenye jua kali dakika kama kumi, halafu unaosha kwa maji. Palipopata jua panakuwa buluu iliyokolea, palipofunikwa na nyuzi panabaki peupe. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliigundua njia hii mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, akaanza kuitumia kuchapa mwani, mmoja mmoja, kwa mkono. Talbot naye, mmoja wa waliovumbua upigaji picha, kwenye majaribio yake ya mwanzo kabisa alikuwa analaza vipande vya lesi juu ya karatasi. Kwa hiyo mtu anayekuambia kufuma na kamera haviendani, picha zenyewe zilianza na nyuzi.

Kitanzi

Hii ya lesi nimeipenda hadi nimesimama. Nina kitambaa cha bibi kilichofumwa kwa kulabu, kinaharibika kikikaa juani?

JichoLaTatu

Dakika kumi haziwezi kukiumiza, kinachokiumiza ni kuachwa dirishani miezi. Ila dawa ya kwenye karatasi inaweza kuchafua nyuzi kama karatasi haijakauka vizuri, kwa hiyo weka kioo au plastiki nyembamba katikati. Cha bibi usikianzie. Anza na kipya.

SindanoButu

Mleta uzi, mwisho wa yote: mkono wa pili lini?

MtungaShanga

Ulivyokuwa unaandika nilikuwa nimeshafungua kabati.

Nimeamua kiwiliwili nakiacha kilivyo, kipana, nitaingiza mshono kila ubavu kama Kitanzi alivyogusia. Mkono wa kwanza ndio nilioufumua jana usiku, ili yote miwili itoke kwenye hesabu mpya. Kwa hiyo kwa leo, SindanoButu, sweta haina mkono hata mmoja. Kitambaa cha majaribio kimelala kwenye kamba na vibanio vitano, napima kesho asubuhi.

SindanoButu

Sita. Weka sita.